Mistari Minne ya Mjomba Waya

4 Februari

Mpwa wangu Kidole,

Nakusalimu kwa mikono miwili, mmoja una kalamu na mwingine una bisibisi, kwa hiyo mwandiko ukiruka usishangae. Sisi wazima. Goti la mama yako limetulia tangu alipoacha kubishana na daktari akahamia kubishana na mimi. Amebadilisha mapazia ya sebuleni, sasa ni ya kijani. Ukiyasifu usizidishe, atakutumia mawili. Mimi nimeng'olewa jino la nyuma. Aliyeling'oa alitoka jasho mpaka akavua miwani, akasema hajawahi kukutana na mzizi kama ule. Nikamwambia asione ajabu, huo ndio ukoo wetu.

Unauliza kwa nini siku hizi sipigi simu. Kwenye simu unanicheka kabla sijamaliza kusema. Karatasi inanisikiliza mpaka mwisho.

Sasa kuna jambo. Si langu, ni la rafiki yangu, fundi mzuri tu ingawa hanifikii. Ni fundi wa mashine hospitalini kama mimi, ila hospitali nyingine. Maabara yao ina mashine ya kupima damu: unaweka kichupa, dakika moja na nusu imeshahesabu chembe zote, nyekundu na nyeupe. Inazungumza na kompyuta kupitia kadi iliyochomekwa ndani ya hiyo kompyuta. Basi siku moja kompyuta ikawashwa ikasema kadi haipo. Ipo! Rafiki yangu ameichomoa, ameipuliza, amesugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, ameirudisha. Kompyuta: haipo. Ni kama mtu amekaa kwenye kochi lako, chai yako mkononi, halafu unawaambia watu kwamba hajafika.

Wakubwa wamesema itakaa kamati. Mashine ikitangazwa imekufa itatupwa, na fundi atatupwa nayo. Kwa sasa wagonjwa wanapelekwa kupimwa mji mwingine, saa nne kwa basi, na wengine si watu wa kukalishwa kwenye basi hata nusu saa.

Nimemwambia asiwe na hofu. Nikamwambia, "Ndani ya kompyuta kuna mfumo, ndani ya mfumo kuna kiini kinachouendesha wote, na ndani ya kiini hicho kuna sehemu imeandikwa na mtoto niliyemfundisha mimi kushika bisibisi." Akaniongezea chai. Watu huniongezea chai nikifika hapo.

Wewe unanijua. Nimetengeneza redio za mabalozi wawili. Nimefufua lifti ya hoteli ya ghorofa kumi na moja, bwana harusi akiwa ndani anapiga kelele kuliko kengele. Shule niliishia darasa la saba kwa sababu walimu waliishiwa. Lakini hili la kompyuta kukataa kuona kitu kilichomo tumboni mwake, naomba unipe maneno ya kitaalamu nimsaidie mwenzangu. Si kwamba sijui.

Mjomba wako,
Waya


27 Februari

Mjomba Waya,

Shikamoo. Barua yako imechukua wiki tatu, bahasha imekanyagwa na kiatu cha nambari arobaini na mbili hivi, lakini imefika. Pole kwa jino. Mwambie mama mapazia nimeyapenda kwa kiasi.

Mimi niko salama. Bado nakaa ghorofa ya nne, pembeni ya printa inayokohoa. Mwezi uliopita mkuu wetu wa kiini alinisifu mbele ya watu, na yeye si mtu wa kusifu, hata chakula hakisifu. Ilikuwa kwa kazi ya usafi: kuondoa kwenye kiini vitu vya zamani ambavyo hakuna anayevitumia tena. Nimeshona koti jipya kusherehekea. Ofisi ina baridi.

Sasa kuhusu huyo rafiki yako. Kompyuta ikiwashwa, kiini hupita tundu kwa tundu kinauliza kila kadi: wewe nani? Kadi hujibu kwa namba. Namba ya kiwanda kilichoitengeneza, namba ya aina yake, kazi yake, na mahali inapotaka iandikiwe. Majibu hayo kiini hakiyafichi, hukuwekea wazi uyasome kama mafaili. Ila mafaili yenyewe hayako kwenye diski. Ukiichimba diski mwaka mzima hutayaona. Ukifungua faili ndipo kiini kinakwenda kuiuliza kadi na kukuandikia jibu papo hapo. Ukilifunga, hakuna kilichobaki.

Kwa hiyo tusibishane kama kadi ipo. Tuiulize yenyewe. Rafiki yako aingie kwa paswedi ya mkuu wa mashine, si ya mtumiaji wa kawaida, kisha aandike amri niliyoiweka nyuma ya karatasi hii. Itatoka mistari kumi na sita, kila mstari una namba kumi na sita. Ainakili yote. Asiruke, asisahihishe. Ataona herufi katikati ya namba, kuanzia a mpaka f. Si makosa ya mashine, ndivyo tunavyohesabu sisi. Aniambie pia toleo la mfumo ni la ngapi na liliwekwa lini.

Ningesema apige picha kwa simu, lakini nahisi simu ya rafiki yako ni ya vitufe, kama ya mtu fulani ninayemjua.

Kidole


19 Machi

Mpwa wangu,

Salamu zangu zimepoa kidogo njiani, zipashe moto. Mama yako ameanza kutembea jioni mpaka kona ya duka la viatu na kurudi. Anasema ni mazoezi, mimi nasema anawapima watu mavazi. Jino lililobaki upande ule limeanza kujisikia mpweke.

Maelezo yako nimeyaelewa yote, hata yale ambayo hukuyaandika. Faili lisilokuwepo mpaka uliulize! Nilimweleza jirani yangu kinyozi, akaacha kichwa cha mteja nusu. Alisema, "Waya, huo ni uchawi." Nikamwambia huo ni ukoo wangu.

Haya, hii hapa. Mama wa maabara alinisomea namba moja moja, mimi nikaandika, maana yeye ana macho makali na mimi nina mkono mzuri. Huyo ni mama wa maabara wa kule kwa rafiki yangu. Nilikwenda kumtembelea. Ni saa nne kwa basi, lakini kwa rafiki mtu hujitolea.

3c 1e 07 52 00 00 80 02 01 00 80 11 00 00 00 00
00 00 e0 f7 01 d0 00 00 00 00 00 00 00 00 00 00
00 00 00 00 00 00 00 00 00 00 00 00 3c 1e 01 00
00 00 00 00 00 00 00 00 00 00 00 00 0b 01 00 00

Hiyo ni minne. Mingine kumi na miwili niliiona pale kwenye skrini, nikaona haina maana, nikaiacha nikuhurumie macho. Sifuri tupu. Mtu wa uzoefu anajua pa kukata.

Toleo la mfumo ni la kumi na nne. Liliwekwa tarehe ishirini Januari.

Kamati bado haijataja siku. Rafiki yangu anaendelea vizuri, anakula, anacheka. Usimfikirie sana.

Mjomba wako,
Waya


8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa kifupi kwa sababu nikiandika kwa kirefu nitaanza kukukasirikia, na sitaki.

Habari njema kwanza. Kadi ni nzima. Kadi iliyokufa hujibu ff ff ff mwanzo mpaka mwisho, basi, na tundu tupu halina hata faili. Hii imejitaja kiwanda, imejitaja aina, imesema kazi yake ni kupokea vipimo, imeomba mahali pa kuandikiwa. Tazama mstari wa kwanza, namba ya tano na ya sita: sifuri, sifuri. Maana yake hakuna aliyeiamsha ifanye kazi. Imekaa, inasubiri kuitwa. Programu ya maabara haijaiita. Kwa hiyo asikubali mtu yeyote aseme mashine imekufa.

Habari ya pili. Mjomba, mistari ile kumi na miwili hukuiona. Hukuiruka. Kiini humpa mwenye paswedi ya mkuu mistari yote kumi na sita. Asiyekuwa nayo humpa minne ya kwanza, kisha kinafunga mdomo. Hata ungekaa pale wiki nzima ungepewa minne.

Na mtu anayesafiri saa nne kwa basi kumtembelea rafiki hakosi kuandika habari za basi. Wewe huwezi kupanda basi bila kuniandikia dereva alivyokosea kona.

Ni lini walikunyang'anya paswedi?

Namba ya toleo nimeiona, na tarehe nimeiona. Kuna kitu nataka kukihakikisha kabla sijakwambia. Nitakuandikia tena.

Kidole


2 Mei

Mpwa wangu Kidole,

Mama yako anakusalimu. Hajui lolote na asijue.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Nimewadanganya maofisa wa forodha wa nchi tatu bila jasho, na leo nimekamatwa na mistari minne. Ningekuwa na hasira, lakini majivuno yamewahi kufika. Nilimwonyesha kinyozi ile sehemu ya kwamba kiini hufunga mdomo. Nikamwambia, "Unaona huyu mtoto? Amesoma kisichoandikwa."

Basi ni mimi. Walinichukulia paswedi tarehe ishirini na tatu Januari, siku tatu baada ya mashine kuacha kuona. Hawakunifukuza. Walinipa kazi ya kubadilisha taa na kukaza vitasa. Hospitali nzima sasa vitasa vyake vimekaza, kuna muuguzi alifungiwa stoo ya mashuka akapiga mlango robo saa. Mganga mkuu aliniita akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, "Waya, pumzika kidogo na kompyuta." Mtu akinitukana najua la kumjibu. Akinihurumia, mikono inabaki inaning'inia.

Mama wa maabara ndiye anayeniruhusu kuingia saa ya chakula nikae mbele ya ile kompyuta kama mtumiaji wa kawaida. Ndiyo maana ni minne.

Kamati inakaa tarehe ishirini Mei. Bwana wa ugavi ameshaandaa fomu ya kuitupa mashine, nimeiona mezani kwake, imebaki sahihi tu. Wiki iliyopita mama mmoja mjamzito aliambiwa apande basi akapimwe damu kule. Alinitazama mimi, kwa sababu nilikuwa juu ya ngazi na taa mkononi, akauliza, "Fundi, na wewe huwezi?" Nimeulizwa mambo mengi na watu wazito, Kidole. Hilo ndilo lililonishusha ngazi.

Umeniambia kadi ni nzima. Nitakwenda nalo hilo. Unasema kuna kitu unakihakikisha. Usijisumbue na toleo, toleo ni zuri, halina neno.

Mjomba wako


10 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na naomba hii uisome umekaa tangu mwanzo.

Barua yako safari hii imekimbia, wiki moja tu, lakini hii yangu nimeiandika mara nne tangu Aprili. Kosa ni langu.

Ule usafi niliosifiwa ndio wenyewe. Zamani orodha ya kadi zote ilikuwa kwenye faili moja, chini ya folda iitwayo proc. Baadaye pakatengenezwa mahali pengine bora zaidi, chini ya folda iitwayo sys, kila kadi na chumba chake. Faili la zamani likabaki. Mimi nikauliza kwenye orodha yetu ya barua pepe, inayowafikia wote wa kiini, "Je, kuna mtu bado analisoma?" Nikasubiri wiki mbili. Hakuna aliyejibu. Nikalifuta, na toleo la kumi na nne likatoka bila hilo faili. Programu ya maabara yenu ni ya zamani, inakwenda kulifungua faili lile lile kutafuta kadi. Hailikuti, inasema kadi haipo. Kule ndani kadi inasubiri kuitwa, nje aliyetakiwa kuiita amesimama mbele ya mlango niliouziba mimi.

Na toleo hilo lilitoka tarehe kumi na nane Januari. Hakuna hospitali duniani inayoweka toleo jipya siku mbili baada ya kutoka. Labda iwe na fundi aliyesikia kwamba mpwa wake ameandika sehemu ndani yake. "Toleo ni zuri, halina neno." Ulijua, ukanyamaza.

Kuna rahisi: wakati kompyuta inawaka, kwenye orodha ya mwanzo, toleo la kumi na tatu bado lipo. Lichague hilo, faili la zamani litarudi. Inahitaji paswedi.

Leo hii nimemwandikia mganga mkuu barua rasmi, kwa karatasi ya ofisi, nikieleza kosa ni la kwangu na si lako. Naomba Mungu ifike kabla ya tarehe ishirini.

Kidole


24 Mei

Mpwa wangu Kidole, mwana wa dada yangu,

Haikufika. Barua zako zote mbili, yangu na ya mganga mkuu, zimeingia tarehe ishirini na mbili mchana. Sasa vuta kiti, maana nilikwenda kwenye kamati mikono mitupu na leo nataka unisikie vizuri.

Tulikuwa wanne kwenye maabara yenyewe, niliomba tukae pale. Mganga mkuu, bwana wa ugavi na fomu yake, mama wa maabara, na mimi. Nilivaa shati jeupe. Kinyozi alinifanyia kichwa asubuhi, upande mmoja zaidi kidogo kwa sababu ya hisia.

Bwana wa ugavi akaanza, "Mashine imekufa, tusipotezeane muda."

Nikamwambia, "Bwana, kaa hapa kwenye kompyuta wewe mwenyewe. Mimi siigusi. Huna paswedi ya mkuu, mimi sina, tuko sawa. Andika hii."

Akaandika kwa kidole kimoja, utasema anapima kama chungu ni cha moto. Ikatoka mistari yangu minne.

"Hii nini?"

"Huyo marehemu wako anakutajia jina."

Mama wa maabara akacheka, akajifanya anakohoa. Nikaomba kompyuta izimwe. Nikaichomoa kadi, nikaiweka kwenye kiganja cha mganga mkuu, nikawasha, nikamwambia ugavi aandike tena. Kompyuta ikamjibu kwamba faili hilo halipo. Nikazima, nikarudisha kadi, nikawasha. Akaandika bila kuambiwa. Mistari ileile, namba zilezile.

"Maiti hachagui kuitika akiwa ndani na kunyamaza akiwa nje," nikasema. "Mwenye hiyo fomu aikunje."

Mganga mkuu si mtu wa kupumbazwa. Akasema, "Sawa, kadi inaishi. Kwa nini programu haiioni?"

Hapo, Kidole, nilitulia, nikafikiri kwa kichwa changu hiki, nikaunganisha hiki na kile, nikasema: programu inalitafuta faili mahali pa zamani, na toleo jipya limepahama. Turudi toleo la kumi na tatu.

"Na nani aliweka toleo jipya?"

"Mimi."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna. Niliweka kwa majivuno. Sikulijaribu kwenye mashine nyingine kwanza, sikumwambia mtu. Mganga mkuu, kosa hilo ni langu lote, sina wa kugawana naye."

Akachomoa kalamu mfukoni. Kisha akaniandikia paswedi kwenye kikaratasi, akasimama nyuma yangu kama askari. Nikazima, nikawasha, nikachagua toleo la kumi na tatu. Mashine ya damu ikalia mlio wake ule wa kuamka, ambao miezi minne sijausikia, na nakwambia kweli nilijifanya nafunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakina kamba. Mama wa maabara akaweka kichupa. Dakika moja na nusu. Chembe nyekundu, nyeupe, zote zimesimama kwenye mstari.

Bwana wa ugavi akauliza kama hiyo fomu anaweza kuitumia kwa friji ya jikoni.

Siku mbili baadaye mganga mkuu ananiita. Barua yako mkononi. "Mpwa wako anasema kosa ni lake. Wewe ulisema ni lako. Nimwamini nani?"

"Mwamini yeye, amesoma," nikasema. Halafu nikasema, "Hapana, niamini mimi, nimezeeka."

Akasema familia nyingine hugombea nyumba, sisi tunagombea lawama, toka ofisini kwangu. Lakini alikuwa anacheka. Nimerudishwa kwenye kompyuta. Paswedi wameibadilisha, ina herufi kumi na mbili: sita ninazo mimi, sita anazo mama wa maabara. Ikitakiwa kazi ya mkuu wa mashine, tunakaa wote wawili, mmoja anaandika, mwingine anatazama dari, kisha tunabadilishana. Vitasa navyo nimevilegeza.

Wewe uliziba mlango, sawa. Lakini mimi ndiye niliyekimbilia kuingia ili nikawaonyeshe watu rangi yake. Usilie. Najua ulilia, wino umevimba kwenye neno "langu".

Mjomba wako


12 Juni

Mjomba wangu Waya,

Shikamoo mara tatu. Nimecheka mpaka jirani yangu wa printa akaja kuangalia. Halafu ule wino ulikuwa ni chai.

Nimesimama mbele ya mkuu wetu wa kiini nikamwambia nataka kulirudisha faili nililolifuta. Akauliza, "Nani analitumia?" Nikamwambia maabara ya hospitali, kuna watu wanapimwa damu kwa sababu ya faili hilo. Hakubishana. Sisi tuna sheria moja iliyo juu ya zote: programu ya mtu iliyokuwa inafanya kazi jana isife leo kwa sababu yetu. Alisema tu, "Lirudishe, na uandike kwa nini." Toleo la kumi na tano litakuwa nalo. Nimemwandikia mganga mkuu pia.

Mjomba, kuna desturi katika kazi yetu. Kila badiliko linaloingia kwenye kiini huandikwa chini yake nani amelitengeneza, na kama lilitokana na hitilafu, huandikwa mstari mwingine: aliyeripoti. Mstari huo haufutwi. Toleo likitoka, unakwenda nao kwenye kila kompyuta, na miaka hamsini ijayo mtu akichimba atamkuta huyo mtu pale.

Jina lako la kwenye cheti sijawahi kuliandika, nimekuita Waya tangu nianze kusema. Niandikie jinsi unavyotaka lisomeke. Mkuu ananisubiri mpaka mwisho wa Julai.

Kidole


1 Julai

Mpwa wangu Kidole,

Salamu za nyumbani zote unazo, chukua upendazo. Mama yako sasa anafika mpaka zaidi ya duka la viatu. Alinikuta mezani na karatasi nne nimezikunja, akauliza kama naandika wosia.

Nilipoisoma barua yako nilitoka nje nikazunguka jengo mara mbili. Kila kompyuta! Miaka hamsini! Nilimpitia kinyozi, nikamwambia, akazima mashine yake, akanipa mkono. Nikarudi nikaandika jina langu lote, la cheti, na la babu nikaliongeza, na cheo. Lilikuwa zuri sana. Nikalitazama.

Halafu nikalikunja.

Kidole, kwenye barua ya kamati nilikwambia nilifikiri kwa kichwa changu hiki. Kichwa kile hakikuwa changu. Asubuhi ileile ya tarehe ishirini Januari, mashine ilipokataa, mama wa maabara alikaa akausoma ujumbe wa programu neno kwa neno, mimi nikiwa chini ya meza napuliza vumbi. Akaniambia, "Fundi, haijasema kadi imekufa. Imesema kuna faili imeshindwa kulifungua. Jana lilikuwepo, leo umeweka mambo mapya halipo. Si tulirudishe?" Nikiwa hukohuko chini ya meza nikamjibu, "Mama, wewe shughulika na damu, haya tuachie wenyewe." Nikacheka, na nikawachekesha na wengine waliokuwapo.

Miezi minne. Na yeye hakunirudishia neno. Alikuwa ananifungulia mlango saa ya chakula, ananisomea namba mimi naandika. Hata mbele ya kamati nilipoyasema yale maneno yake kama yangu, alitazama dirisha tu.

Aliyeripoti ni yeye. Aliripoti siku ya kwanza, ila aliripoti kwa mtu asiyesikia.

Jana nilikwenda maabara nikamweleza yote, na ile desturi yenu nikamweleza. Alishika kichupa, nikadhani atanirushia. Akauliza, "Jina langu litakaa kwenye kila kompyuta?" Nikasema kila moja. Akafuta mikono, akavua glavu, akachukua kalamu akaliandika mwenyewe, limo kwenye karatasi ya pili humu ndani. Lina majina matatu na yote anayataka. Usipunguze hata moja.

Kisha akaniuliza, "Na lako wewe?"

Nikamwambia kwamba kwenye kiini chenu mna mstari wa aliyetengeneza na mstari wa aliyeripoti. Wa aliyecheka hamna.

"Ungekuwapo," akasema, "ungeujaza peke yako," akanisukumia kiti nikae.

Mjomba wako